Alama ya Sita

Mimi Jamaldini nilikuwa mkalimani wa bomani miaka minne, na kwa miaka hiyo minne hakuna mtu aliyeniambia jambo nikaliamini mara ya kwanza. Mtu akija analia kwamba ng'ombe wake kaibiwa, mimi nilijua ng'ombe yuko kwa shemeji yake. Mtu akisema anaumwa hawezi kubeba mawe, mimi nilimtazama miguu. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima wa Arusha, watu wakanisifia, na sifa zikanipanda kichwani zikakaa. Kichwa kile ndicho kilichotaka kumuua mzee Lerionka. Nalisema mapema hili ili msije mkanionea huruma baadaye.

Resiato binti Lerionka alinijia nyumbani asubuhi, mwezi wa Julai, kwa baridi ile ya manyunyu inayoingia mpaka kwenye mifupa. Alikuwa ametembea kutoka Olmotonyi, shuka limelowa, miguu imejaa tope. Mimi namjua kwa upande wa mama. Marehemu mama yangu, Naipanoi, alikuwa mtu wa Sokon, Mwarusha wa kuzaliwa. Baba yangu alikuja na msafara kutoka Pangani akamuoa akabaki. Ndiyo maana Kimaa, lugha ya watu wake, nilikinyonya pamoja na maziwa, na ndiyo maana Wadachi, yaani Wajerumani, walinitaka.

Nilimkaribisha ndani, hakukaa. Alisema baba yake amekamatwa jana. Wapimaji walikuwa wamepigilia vigingi malishoni kwao, kuonyesha shamba la mlowezi mmoja litaanzia wapi, na mzee alikwenda akaving'oa vinne akavirundika mlangoni pa zizi. Askari walipomuuliza, alisema ndama wanajikwaa.

Kung'oa kigingi cha serikali ni miezi sita ya mnyororo. Nyie mliozaliwa juzi hamjui mnyororo. Ni pete ya chuma shingoni, watu kumi wameungwa pamoja, na kazi ni kuponda mawe ya barabara kutoka jua kuchomoza mpaka kuzama. Kijana anatoka amekonda. Mzee hatoki. Mwaka ule ule tulikuwa tumemtoa mzee mmoja baada ya wiki tatu, amebebwa kwenye machela na uso umefunikwa.

Resiato alikuwa amewahi kwa bwana mkubwa wa boma jana ile ile, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba baba yake akili zimemwisha. Bwana mkubwa akasema kama ni hivyo daktari atampima leo, na mkalimani atakuwepo.

"Mwana wa Sokon," akaniambia, "mwambie Mdachi baba hana akili tena. Anasahau vitu visivyosahaulika."

Nikamtazama. Nikafikiri, huyu binti ana kipaji. Vitu visivyosahaulika, neno zuri namna ile amelitunga njiani huku anatembea kwenye tope. Mzee Lerionka nilikuwa nimemwona mnadani mwaka juzi tu, akibishana juu ya dume la kijivu mpaka mwenye dume akaishiwa maneno. Kwamba leo hana akili? Nikatabasamu, nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimeelewa, aniachie mimi. Akanitazama kwa muda kama anayetaka kuongeza kitu. Kisha akanyamaza, nami sikumuuliza. Kuuliza ni kwa watu wasiojua, na mimi nilikuwa najua.

Daktari mwenyewe alikuwa mgeni, hana miezi mitatu Arusha. Watu walishamwita Bwana Kumi, kwa sababu ya karatasi yake ya maswali kumi. Alikuja nayo kutoka kwao na alijivunia. Alisema hakuna haja ya kumchunguza mzee siku nzima. Ukimuuliza maswali kumi, kabla sigara haijaisha utajua akili yake ni nzima au imechakaa. Jibu sahihi anapiga mstari mmoja wa kalamu. Mistari sita au zaidi, mtu ana akili timamu na atabeba kosa lake. Mitano kushuka chini, akili imechakaa, arudishwe kwa ndugu zake wamchunge. Alinieleza hayo kwa Kiswahili, maana Kiswahili alikijua, cha kitabuni, kilichonyooka kama rula. Kimaa hakujua hata neno moja. Mimi nilifurahi kusikia hivyo.

Waliletwa ndani, mzee na binti. Mzee Lerionka alikuwa mrefu, kichwa kimenyolewa, shuka lake limefungwa vizuri begani. Nilimwinamishia kichwa kama inavyopasa, akaniwekea mkono utosini, akaniitikia kwa sauti ya mtu mwenye mji wake. Mkono haukutetemeka. Nikasema moyoni, kazi ipo, mzee mwenyewe kajiandaa kujibu kila kitu. Resiato alisimama ukutani. Nje ya mlango alisimama askari, na kando yake, sakafuni, ule mnyororo ulikuwa umerundikwa na pete moja wazi. Sote tulipita tukauona.

Swali la kwanza, jina lake nani. Mzee akajibu. Mstari wa kwanza.

Swali la pili, uko wapi hapa. Mzee akanyoosha fimbo dirishani, kwenye bendera, akasema kwa Kimaa hapa ni kwa Wadachi, na akaongeza kwamba vijana wa rika la mwanawe ndio waliobeba mawe ya ukuta huu. Hapo nikaamua nimsaidie. Nikageuka kwa daktari, uso mkavu, nikasema:

"Anasema yuko kwenye boma lake, anangoja ng'ombe wakamuliwe."

Nilijisifu kwa neno hilo boma, maana lina pande mbili, la ng'ombe na la serikali. Nikikamatwa nitasema lilinichanganya. Daktari hakuandika. Aliiweka kalamu chini taratibu, akakunja mikono.

"Amesema Dachi," akaniambia. "Nimesikia. Na ameonyesha bendera. Wewe ni mwongo."

Wadachi tunawaita Wadachi kwa Kiswahili na kwa Kimaa, neno ni lile lile, na mimi mjanja wa mji sikulikumbuka. Daktari hakupaza sauti. Akanieleza kwamba kuanzia sasa nitatafsiri neno kwa neno, na nikiongeza au kupunguza lolote nitapigwa viboko hamsa ishirini hapo uwanjani, kisha nitafungwa kwenye mnyororo pamoja na mzee. Akapiga mstari wa pili. Resiato hakuwa amefuata maneno yote, lakini uso wangu aliusoma, akafumba macho.

Mtasema niliogopa kipigo. Niliogopa, sikatai, mgongo ni wangu. Lakini lililonikera zaidi ni kukamatwa mchana kweupe, tena kwa neno jepesi vile.

Swali la tatu, sasa ni asubuhi au jioni. Mzee akatazama mwanga dirishani, akasema asubuhi. Mstari wa tatu.

Swali la nne, ni majira gani ya mwaka. Mzee akasema kiangazi kimekuwa kirefu mno, ng'ombe wamekonda, tunangoja masika. Nikatafsiri neno kwa neno. Nje manyunyu yalikuwa yanadondoka kwenye bati, majani mbele ya boma yanafika magotini, masika yamepita mwezi tu uliopita. Nikajisemea, ehe, mzee kaelewa mchezo. Kaona nimeshikwa, sasa anajifanyia mwenyewe. Nilimpenda wakati ule. Daktari akatazama dirishani, hakupiga mstari.

Swali la tano, arudie maneno matatu: maji, kisu, punda. Akaambiwa ayashike, ataulizwa tena baadaye. Mzee akayarudia bila taabu. Mstari wa nne. La sita, ashike sikio la kushoto kwa mkono wa kulia. Nilimkazia macho, namwambia kwa macho, kosea baba, kosea hata mkono tu. Akainua mkono wa kulia akashika sikio la kushoto sawasawa, akabaki amelishika mpaka daktari akamwambia basi. Mstari wa tano.

Mitano. Imebaki mmoja tu mzee avishwe pete, na maswali manne yako mbele. Nilisikia askari akiusogeza mnyororo kwa mguu ili apate kusimama vizuri. Resiato alikuwa ameushika ukuta kwa viganja vyote viwili.

Swali la saba, una ng'ombe wangapi. Hapo mzee akakasirika. Akauliza ni nani huyu anayetaka ng'ombe wake wafe. Waarusha hawahesabu mifugo wala watoto; ukihesabu umeyaita mabaya yawapunguze. Mchungaji anaingia zizini jioni, anatazama rangi na pembe, na akikosekana mmoja anajua ni yupi, lakini idadi hataitamka. Nikatafsiri, amesema hahesabu. Daktari akauliza hahesabu au hawezi. Nikajibu kwa kufuata amri yake neno kwa neno, kwamba mzee amesema hahesabu, basi. Ningeweza kueleza desturi. Sikueleza, na kwa hilo hakuna wa kunipiga. Daktari hakupiga mstari.

La nane, jina la mke wako. Mke wa mzee Lerionka alifariki miaka mingi iliyopita, Resiato akiwa mtoto. Kwa watu hawa jina la marehemu halitamkwi tena. Likitajwa nyumbani, watu wanashtuka kama umemwaga kitu moto. Mtoto aliyekuwa na jina lile anabadilishiwa. Hata mimi, niliyelelewa kwenye adhana, jina la mama yangu nalitaja kwa mashaka nikiwa mbele ya wajomba zangu. Mzee akanitazama kwa macho ya kunionya, akasema, "Mama yake Resiato," akafunga mdomo. Daktari akarudia swali, mzee akageuza uso. Bila mstari.

La tisa, yale maneno matatu. Mzee akauliza, maneno gani. Nikamwambia, yale aliyokupa daktari. Akasema kwa upole kabisa kwamba huyu bwana hajampa maneno yoyote, ndiyo kwanza wanaonana. Nikashangaa alivyolisema. Macho hayakuwa na hila hata chembe. Mimi ni fundi wa hila, naziona kwenye jicho la mtu hata akilala. Shaka ikanipita, lakini sikuipa nafasi. Nikatafsiri. Hakuna mstari.

Sasa limebaki moja. Resiato alikuwa ameanza kupumua, hata midomo ilipata rangi. Mistari mitano. Akikosea hili, wanapanda kwao Olmotonyi pamoja, na habari ya vigingi imekwisha. Daktari akafungua daftari la boma lenye majina ya kila kaya, akaweka kidole mahali.

Swali la kumi, taja wanao wa kiume.

Mzee akatulia. Uso ukamlegea, ukawa uso wa baba.

"Mika," akasema. "Yuko misheni, anasoma karatasi. Na Sakaya. Sakaya amepeleka ng'ombe kunywa maji, atarudi sasa hivi."

Resiato akajifunika mdomo kwa mikono miwili. Sauti ilimtoka ndogo sana, lakini niliisikia. Daktari alikuwa tayari ameinamia daftari. Mika, Sakaya, yote mawili yapo. Akapiga mstari wa sita, mrefu kuliko wenzake, akasema akili timamu.

"Huyo aliyetajwa hayupo," Resiato akaniambia kwa Kimaa, haraka, bila kunitazama. "Tulimpoteza wakati wa vuli. Alikwenda kujenga reli ya Moshi, homa ikamchukua."

Mzee huyu, aliyenikata jicho muda mfupi uliopita kwa sababu nilitaka amtaje marehemu mkewe, amemtaja marehemu mwanawe, kwa sauti ya kawaida, mbele ya dada wa marehemu. Hakuna Mwarusha mwenye akili zake anayeweza kufanya hivyo, hata kwa kuokoa maisha yake. Basi hakuwa anaigiza. Kiangazi kile alikiona kweli. Maneno matatu yalimtoka kweli. Na Resiato aliponijia asubuhi alikuwa ananiambia ukweli mtupu, ila asingeweza kunifafanulia kilichosahaulika bila kumtaja ndugu yake. Mimi ndiye niliyeufanya ukweli wake uwe uongo, kisha nikaupeleka kwa daktari nikiwa nimeushika vibaya.

Nikasema yote. Nilimwambia daktari Sakaya amekufa, na kwamba jibu lile lile analoliona sahihi ndilo linaloonyesha mzee amepotea. Nikamweleza habari ya majina. Nilizungumza haraka, maneno yakagongana mdomoni, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, haki yake nimpe. Kisha akageuza daftari, akanionyesha jina, halijakatwa kwa mstari kama ya waliokufa. Akasema asubuhi hii nimeshamdanganya mara moja ili kumwokoa mtu huyu, na sasa amepata alama sita ndipo namletea maiti.

Ningekuwa yeye, nami nisingeyaamini maneno yangu.

Daktari akamgeukia Resiato, akamuuliza kwa Kiswahili, polepole, ndugu yako Sakaya yuko wapi. Resiato akasikia jina likitajwa tena, akainama. Daktari akauliza tena. Akageuzia uso ukutani. Daktari akanitazama kama anayesema, unaona. Akamwita askari. Askari akaingia ameshika ile pete, na mnyororo unaburuzika nyuma yake juu ya mbao za sakafu.

Nikamwambia Resiato kwa Kimaa aseme, aseme kwa mdomo wake. Akaniambia hawezi kusema pale, baba atasikia. Alishamwambia mara tatu tangu vuli, na kila mara ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya mwisho mzee alikaa siku mbili bila kula. Resiato akaapa mbele ya Mungu hatamwambia tena, atamwachia baba mtoto wake aendelee kupeleka ng'ombe majini. Alilia akiniambia hayo, na mimi nikalia naye, mwanaume mzima na kanzu yangu ya kazi.

Askari alikuwa amemfikia mzee. Mzee akaitazama pete, akauliza hiyo ni ya ng'ombe gani.

Resiato akatoka ukutani. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akaishika mikono yake miwili.

"Baba," akasema, "mwanao mdogo hayupo tena. Hatarudi na ng'ombe."

Nikamtafsiria daktari, neno kwa neno, kama alivyotaka.

Mzee hakupiga kelele. Alimtazama binti yake muda mrefu, midomo ikitembea bila sauti. Akauliza, lini. Akauliza, wapi. Kisha uso wote ukakunjamana, na machozi yakaanza kumtoka mengi, ya mzee asiyejali nani anamwona. Akainua mikono masikioni. Vidole vilikuwa vinatafuta kitu, vinapita kwenye tundu za masikio, vinarudi, vinapita tena. Akahamia mkononi, akapapasa kiwiko, hakuna kitu. Akarudi masikioni, na safari hii alikuwa anahaha.

Daktari akaniuliza anafanya nini. Sikuhitaji kutunga. Nikamwambia Mwarusha akifiwa huvua mapambo yake. Anataka kuvua ya masikioni na hayapo, maana alishayavua siku alipoambiwa mara ya kwanza. Hajui kwa nini hayapo.

Hapo ndipo daktari alipokaa. Alimpungia askari arudi nyuma. Alitazama vile vidole vikitafuta, akatazama karatasi yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona kama kijana aliyekuwa mbali na kwao. Lakini alikuwa mtu wa karatasi. Akatoa saa mfukoni, akaiweka mezani. Akasema tutangoja robo saa, kisha swali la kumi litaulizwa tena. Mzee akikumbuka kwamba mwanawe amekufa, basi ni huzuni ya mtu mwenye akili na mistari inabaki sita. Akisahau, atafuta mmoja.

Sijawahi kukaa robo saa ndefu kama ile. Mzee alilia. Resiato alikuwa ameketi miguuni pake, kichwa amekilaza magotini kwake. Mimi nilikuwa nimesimama nikimwomba Mungu, mimi niliyekuwa nimeswali alfajiri ile ile nikiomba mengine kabisa. Nilimwomba amsahaulishe baba mtoto wake, na niliona haya kuomba hivyo. Mzee akitaja reli, pete inarudi. Akinyamaza kwa uchungu, pete inarudi. Nilitazama machozi yake nikataka yakauke, nikayachukia kwa kutokukauka.

Yakaanza kupungua. Mkono ukashuka kutoka sikioni. Akatazama dirisha, akatazama meza, akatazama saa ya daktari ikimeta. Akajifuta shavu, akavitazama vidole vilivyolowa kwa mshangao, akavifuta kwenye shuka.

Daktari akanipa ishara. Resiato aliinua uso akanitazama, na sikujua ananiomba niulize au nisiulize.

"Baba," nikasema kwa Kimaa, "wataje wanao wa kiume."

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza naingia chumbani. Akafungua mdomo, akaufunga, na Resiato akaufinya mkono wake bila kujua.

"Mika," akasema. "Na Sakaya." Akatabasamu. "Sakaya amechelewa na ng'ombe leo."

Sikuhitaji kutafsiri. Daktari aliufuta mstari wa sita kwa mistari miwili ya kukata, akaandika chini yake neno refu la Kidachi, akatia sahihi. Aliniambia nimwambie binti wanaweza kwenda, na kwamba asimwache baba yake afike kwenye vigingi. Kuhusu hamsa ishirini hakusema, nami sikumkumbusha. Resiato alikuwa anashukuru, ananishukuru mimi, analia kwa furaha na uso umemharibika kwa majonzi, yote mawili kwa pamoja, na mimi sikuweza kumtazama.

Niliwasindikiza mpaka njia panda ya kwenda Olmotonyi. Manyunyu yalikuwa yamekatika. Mzee alitembea mbele, mwepesi kuliko sisi. Nilimwomba Resiato radhi, nikamwambia angenieleza vizuri asubuhi nisingeharibu. Akasema alinieleza. Akasema hivyo bila hasira, na ndiyo maana neno hilo linanichoma mpaka leo.

Kwenye njia panda mzee akasimama, akageuka, akaitazama njia ya chini tulikotoka. Akauliza mbona tunamwacha mwanawe mdogo nyuma, mlango wa zizi utafungwa na nani. Akauliza mara ya pili, kwa sauti iliyoanza kuwa na hofu, na mkono ukaanza kupanda kuelekea sikioni.

Resiato aliuwahi ule mkono akaushika. Akanitazama mara moja tu, kisha akamtazama baba yake.

"Sakaya yuko mbele, baba," akasema, kwa sauti kubwa, jina lote. "Sakaya ametangulia na ng'ombe. Twende tumkute."

Mzee akacheka, akasema kijana huyo ana haraka siku zote. Wakaanza kupanda, wameshikana mikono, na mimi nikarudi kazini.